Kaskazi Ndiyo Majira Yetu ya Baridi

Nikiwa likizoni Shanzu, Mombasa, huulizwa Waingereza wanakula nini hiyo nusu ya mwaka ambayo hakuna kinachoota. Hujibu kwamba na sisi tuna miezi yetu kama hiyo, ila hatuihesabu. Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma na mvua haipo, mchicha husinyaa ukiwa bado mchanga, maji ya kisima huzidi chumvi, na Khalti, dada ya mama yangu, huviacha vitalu vyake vya uani vipumzike. Hapa Reading, magharibi ya London, vitalu vyangu navyo vimelala miezi hiyohiyo, kwa baridi. Halafu masika yakishanyesha na kusi ikapoza hewa, Juni mpaka Agosti, bustani zote mbili hujaa mboga kwa pamoja. Nilikuwa nikidhani zinapishana.

Tofauti ni nani anayeshika ratiba. Huku ni kalenda. Nyanya husiwa kwenye vikombe dirishani mwezi Machi, ndani ya nyumba, na hazitolewi nje mpaka katikati ya Mei, maana usiku mmoja wa sakitu, yaani umande ulioganda, huzigeuza nyeusi zote. Oktoba ikiingia mambo yamekwisha, na zilizobaki kijani hufanywa achari. Khalti akisikia haya kwenye simu hucheka. Mwaka huu nilimuuliza anapanda lini, akaniambia, "Mwanangu, nikupe tarehe ya mvua, kwani mimi ndiye Mola?"

Lakini majira ya joto ya huku yana baraka ambayo sisi hatunayo, nayo ni mwanga. Mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku. Shanzu, nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Mboga huuona urefu huo wa siku, na kila moja hujibu kivyake. Spinachi na dania hukimbilia kutoa maua kabla hujazila. Kunde nyingi za kwetu hungoja siku fupi ndipo zitoe maua, kwa hiyo huku, joto likikubali, hujaza majani tu. Kwa mtu wa pwani anayetaka mboga ya kunde ya kuunga na nazi, hiyo si hasara hata kidogo. Na sukuma wiki, ambayo Shanzu hupata tabu na joto mpaka watu hununua sokoni Kongowea iliyoletwa kutoka bara, hapa husimama uani mpaka Desemba, na baridi huifanya tamu zaidi.

Mnavu nao una kisa chake. Huota wenyewe katikati ya viazi kila mwaka, na jirani yangu, mzee wa Kiingereza, hunyoosha kidole juu ya ua na kuniambia ni sumu. Hakukosea sana: matunda yake mabichi yana sumu kweli, na aina inayopikwa zaidi Kenya, ile ya majani mapana, ni ndugu wa huu wa hapa, si huohuo. Basi mimi naye tunaung'oa na kuutupa, ingawa roho huniuma.

Maji ndiyo habari yenyewe. Mimi hufungua mfereji. Maji ya Mombasa hutoka mbali, mengine kwenye chemchemi za Mzima huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na mengine Baricho kwenye mto Sabaki, na yakifika hugawiwa kwa zamu. Kisima kipo, lakini mwamba wa matumbawe chini yake umejaa matundu, na bahari hujipenyeza. Ukimwagilia maharagwe maji yale, kingo za majani hukauka kama zimepigwa pasi. Kwa hiyo Khalti ana madaraja. Maji matamu ya mkokoteni ni ya chai na chakula. Maji aliyooshea mchele huwekwa kwenye beseni ya buluu kando ya mlango wa jiko, na hayo ni ya miche, kwa kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari, shinani tu, baada ya alasiri. Ya kisima huenda kwa mchicha uliokomaa na minazi, ambayo huvumilia chumvi. Maharagwe aliyafuta kwenye orodha. Mwaka 2022, joto la Uingereza lilipofika nyuzi 40.3 tarehe 19 Julai huko Coningsby, kisha mipira ya kumwagilia ikapigwa marufuku mtaani kwetu, niliwaona majirani wakibeba maji ya kuoshea vyombo kwenda kwenye nyanya zao kana kwamba wamevumbua kitu.

Udongo nao, Shanzu, mtu huutengeneza. Ukichimba kidogo unagonga jiwe, basi watu hutumia mtaimbo kutoboa shimo, hujaza samadi ya mbuzi na majani, au hupanda kwenye magunia na ndoo za rangi. Anayesema haiwezekani aende hapo Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji yaliyobaki jiwe tupu. Alijaribu aina 26, zikapona tatu, mvinje na mnazi zikiwemo, na majongoo ndio waliosaga majani ya mvinje yakawa udongo. Lundo langu la taka za jikoni hapa Reading huchukua mwaka kuoza. Uani kwa Khalti, joto hulimaliza upesi, na kwa sababu hiyohiyo samadi lazima irudiwe kila msimu.

Kuhusu wezi wa mboga sina mengi ya kusema: huku ni konokono wasio na gamba, ambao jirani huwategea bakuli la bia (Khalti ameomba nisimsimulie tena), na kule ni tumbili.

Ninalobishana nalo ni hizi nyumba za plastiki ambazo jamaa wa pwani hununua kwa kuona picha za Ulaya. Mwingereza hujenga nyumba ya kioo ili aibe joto. Shanzu joto tunalo la kugawa. Kinachoadimika Februari ni kivuli. Khalti amesimamisha nguzo nne za mvinje na kuzitandika makuti machache, jua lipite kwa vipande, na chini yake ana miche ya mchicha na mabiringanya inayoivuka kaskazi. Akiniomba pesa za nyumba ya plastiki sitazitoa. Neti ya kivuli nitamnunulia.