Talaka Isiyo na Mjomba

Filamu ya Asghar Farhadi iitwayo Le Passé, ya mwaka 2013, inaanzia uwanja wa ndege. Marie amekuja kumpokea mumewe Ahmad kutoka Tehran. Kati yao kuna kioo kinene: midomo inacheza, sauti haipiti. Wametengana miaka minne, na safari hii ni ya kutia sahihi talaka ili Marie aolewe na Samir. Bérénice Bejo alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike pale Cannes kwa kuigiza Marie.

Niliitazama hapa Lyon ninakoishi, na talaka yenyewe haikunishtua. Kilichonishtua ni kwamba wale watu hawana wenyewe. Mahakamani wanaenda wawili tu. Ahmad hakuwekewa hata hoteli. Analazwa chumba kimoja na mtoto wa Samir, na ndiye huyohuyo anayepika, kuzibua sinki na kutumwa azungumze na Lucie, binti ya Marie, aliyekorofishana na mamake. Yaani anayeachwa ndiye anayefanywa mshenga!

Filamu ya Farhadi iliyotangulia, A Separation, inatokea Tehran, na mle hali ni nyingine. Baba mgonjwa, mtumishi na mumewe, mwalimu wa mtoto, wote wanajikuta ndani ya ugomvi wa wanandoa wawili. Hiyo naielewa haraka zaidi. Ni Bomet kabisa, kule nyumbani Kenya.

Kwetu Mogogosiek, hukohuko Bomet, sisi Wakipsigis hatutangulizi cheti, tunatanguliza koito, yaani mazungumzo ya posa na mahari. Wazee wa upande wa mume wanafika, wanakaribishwa, na kabla ya ng'ombe hata mmoja kutajwa wanaulizwa ukoo. Mkiwa wa ukoo mmoja, mambo yameishia hapo. Nilipompeleka Mfaransa wangu, mzee mmoja alitaka kujua ukoo wake. Akaambiwa watu wa kwao hawana. Mzee akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa wanajuaje kama hawaoi dada zao?" Mkwe mtarajiwa akaletewa mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, akaona ile rangi ya majivu ya mkaa, akaninong'oneza akiuliza kama maziwa yameungua. Aliyamaliza lakini.

Msidhani Ufaransa hawaulizi. Huku halmashauri ya mji ilibandika tangazo la ndoa yetu siku kumi, ikataka vyeti vyangu vya karibuni na uthibitisho kwamba sina mume mwingine. Ofisa akishuku ndoa ni ya kutafutia makaratasi, huwahoji wachumba mmojammoja. Maswali ni yaleyale ya wajomba zangu, ila bila chai. Tena ofisa akishagonga muhuri, hutamwona tena. Mjomba aliyepokea mahari anaweza kuamshwa saa nane usiku ndoa ikianza kuyumba, na sharti aje.

Angalau ndivyo inavyotakiwa. Katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Disemba 2007, Wakisii wengi waliokuwa wakichuma chai Kericho walifukuzwa kwenye kambi za mashamba. Jirani yetu mmoja alikuwa ameoa huko Kisii, ng'ombe wakapelekwa, wazee wa pande zote wakala pamoja. Mkewe aliondoka usiku na mtoto mgongoni. Wale wazee hawakutia neno. Na hii ni nchi ambako koo kadhaa za Wakipsigis zenyewe husimulia kwamba zilitokana na Wakisii! Kwa hiyo anayeniambia ndoa za nyumbani zina ulinzi kuliko za ugenini, huwa namuuliza: ulinzi wa nani, na hadi lini?

Hata hivyo, ningerudia koito yangu kesho. Ninachowaomba mnaoleta wachumba wa kigeni nyumbani ni msiishie kwenye mursik na picha. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila, na mahari kidogo tu ya ishara inatosha kuithibitisha, lakini inataka msajili ajulishwe ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika. Nendeni mkaandikishe, na mwende na wale wazee.