Kamera Mbili na Picha ya Baba

Watu wengi hudhani kwamba kuchagua kamera ni kuuliza jina lenye sifa kubwa, kisha kuhesabu fedha. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka nilipopata hasara isiyolipika.

Nilikwenda nyumbani kwa likizo na Leica IIIf niliyoazima kwa rafiki. Baba alikuwa mzee sana, wala hakuwa na picha ila ile ndogo ya kitambulisho. Nilimketisha chini ya mwembe, amevaa koti lake la kanisani, nikampiga picha 36. Akaniuliza, "Je, mwanangu, nimetoka vema?" Nikamjibu, "Vema sana, Baba."

Filamu iliposafishwa ilikuwa tupu. Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Katika kamera ile filamu huingizwa kwa chini, na ncha yake hapana budi ikatwe kwanza iwe nyembamba, kadiri ya sentimita 10. Kwa haraka sikuikata, nayo haikushikwa na meno. Wala sikutazama kama kirungu cha kurudishia filamu kilikuwa kikizunguka, ambayo ndiyo dalili kwamba filamu inakwenda. Kabla sijapata likizo nyingine, Baba alifariki.

Sasa nimeweka akiba ya kununua kamera yangu, nami nimepata mbili zilizokwisha kutumika. Moja ni Leica IIIf, iliyotengenezwa Wetzlar, Ujerumani, kati ya 1950 na 1957. Ya pili ni Contax IIa ya Zeiss Ikon, iliyotengenezwa Stuttgart tangu 1950 hata 1961. Zote ni ndogo, zote hutumia filamu ya milimita 35, na zote hubadilishwa lenzi.

Tofauti yao ni hii. Leica ina matundu mawili ya kuchungulia: moja la kupimia umbali, na la pili la kutazamia picha. Pazia lake la ndani ni la nguo, na fundi aliyezoea kamera za zamani huweza kulibadili. Contax ina tundu moja tu kwa kazi zote mbili, na mgongo wake huondolewa wote, hata mtu aone kwa macho yake filamu ikikaa mahali pake. Lakini pazia lake ni la vipande vya chuma vilivyounganishwa kwa kanda. Likiharibika, fundi wa kulitengeneza ni shida kumpata.

Mke wangu aliponiona nikisitasita alisema, "Baba watoto, wewe ni mtu wa haraka. Chukua ile itakayokuonyesha kosa lako mapema."

Nimechukua Contax. Siidharau Leica, maana haikunikosea neno. Lakini chombo huchaguliwa kwa kujua udhaifu wa mkono utakaokishika. Mama yangu yu hai bado. Juma lijalo nitakwenda kumpiga picha, naye akiniuliza kama ametoka vema, nitatazama kwanza kile kirungu ndipo nimjibu.