Lile la jua mlijua, la ardhi je?

Katika masomo yote niliyopitia sekondari, Jiografia ndiyo peke yake ambayo mpaka leo najikuta naiwaza nikiwa kwenye daladala. Sisemi ile ya kilimo cha ngano Kanada na ufugaji wa kondoo Australia (mlioisoma mnaikumbuka, sitaki kuwatonesha kidonda). Nasema ile ya maumbile: jua, mwezi, sayari, miamba, volkano, matetemeko.

Mfumo wa jua tuliusoma kidato cha kwanza, kwa Kiingereza, tukiwa tumetoka darasa la saba ambako kila kitu kilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo tulikariri. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia sayari zote kwa mpangilio bila kukosea, lakini isingenijia akilini hata kidogo kwamba mojawapo ni ile nyota kali ya jioni ambayo bibi yangu aliiita Zuhura. Kwenye daftari ilikuwa na jina lingine, na kwenye daftari haikuwaka.

Babu yangu wa Tanga, ambaye shule aliiacha mapema sana, alijua anga kuliko mimi niliyekuwa napata alama nzuri. Alilima kwa kufuata kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo ndogo zilizosongamana. Wazee wa pwani wanasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Jina lenyewe linatokana na kulima. Yaani mtu asiye na kalenda ukutani alikuwa na kalenda juu ya paa, na haikuwahi kumdanganya kuhusu siku za kuonekana. Mvua ndiyo ilimdanganya.

Sasa njooni Mbeya, mwaka 2016. Nilikuwa kidato cha tano, shule ya bweni, mchepuo wa HGL. Tulitoka kila kona ya nchi. Jirani yangu wa kitanda alitoka Bukoba na tulimwita Senene, kwa sababu wiki ya kwanza alifungua kopo la senene wa kukaanga alilotoka nalo nyumbani, na mpaka Jumapili bweni zima lilikuwa rafiki yake.

Mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa mwanamama mmoja mwembamba, tulimwita Madam tu. Madam alikuwa na tabia moja niliyoipenda: akiona macho yetu yamekuwa ya kioo, anakwenda kufunga mlango wa darasa, kisha anaanza upya kwa Kiswahili. Mlango ukifungwa tulijua sasa tunafundishwa.

Mwishoni mwa Agosti akafunga mlango, akachukua chungwa na punje ya hindi. Akatuambia tarehe 1 Septemba jua litapatwa, na mahali pazuri pa kutazama ni Rujewa, Mbarali, hapo hapo mkoani kwetu. Mwezi ni mdogo kuliko jua karibu mara 400 kwa upana, lakini jua nalo liko mbali karibu mara 400 zaidi, ndiyo maana angani vinaonekana kama vinalingana. Ila mwezi hauzunguki dunia kwa umbali ule ule siku zote. Siku hizo ulikuwa unaelekea sehemu yake ya mbali, kwa hiyo ungeonekana mdogo kidogo, usingetosha kulifunika jua lote. Pembeni ingebaki pete ya moto.

Halafu akatuandikia saa ubaoni. Saa ya kuanza, saa ya pete, saa ya kumaliza. Darasa likacheka. Sisi ni watu tuliozoea basi linaloondoka "saa kumi na mbili kamili" saa mbili na nusu.

Shule ikapata basi, tukaenda. Rujewa ilikuwa imejaa kama siku ya mnada: wanafunzi, wazungu na kamera zao, mama ntilie, waandishi wa habari (nadhani hapo ndipo nilipoanza kuwaonea wivu). Miwani maalumu haikutosha, tulipeana kwa zamu, kila mtu anahesabiwa sekunde. Lakini kilichonishika hakikuwa juu, kilikuwa chini. Chini ya mti, pale ambapo mwanga hupenya katikati ya majani, vile vidoa vya mwanga ambavyo kila siku ni mviringo vilikuwa vimegeuka hilali. Mamia ya hilali ndogo ndogo kwenye vumbi, kwenye mashati yetu, kwenye mkono wa Senene. Kila tundu la jani lilikuwa linachora picha ya jua. Mchana ukapoa, mwanga ukawa na rangi ambayo si ya jioni wala ya mawingu, na kabla ya saa sita mchana, kwa dakika ile ile iliyoandikwa ubaoni, hilali zote zikafunga na kuwa pete.

Ilidumu kama dakika tatu. Watu walipiga vigelegele, wengine walisali. Senene alikuwa anatazama saa yake ya mkononi, si jua. Akaniambia, "Kaka, hawa watu wamejuaje mpaka dakika?"

Njiani kurudi Madam alimjibu, na jibu lilikuwa tamu kuliko tukio. Kupatwa kwa jua kuna familia. Kila baada ya miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi, jua, mwezi na dunia hurudi karibu kabisa kwenye mpangilio ule ule. Hili letu la tarehe 1 Septemba 2016 mdogo wake ni tarehe 12 Septemba 2034. Lakini kwa sababu ya zile saa 8, dunia inakuwa imejizungusha theluthi moja zaidi, kwa hiyo pete hiyo haiji Rujewa, inaangukia Amerika ya Kusini. Watu wa Babeli waliugundua mzunguko huo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita kwa kuandika tu, mwaka hadi mwaka, nini kilitokea lini. Basi zima lilikuwa kimya. Nilihisi kama nimeonyeshwa injini ya dunia.

Siku tisa baadaye ilikuwa Jumamosi, tunafua. Jioni patroni akaja bwenini akamwita Senene kwa jina lake halisi, jambo ambalo peke yake lilitosha kututisha.

Tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Zaidi ya watu 15 walikufa, mamia wakaumia, nyumba maelfu zikabomoka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Mtikisiko ulisikika mpaka Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya. Nyumbani kwa kina Senene ukuta wa upande wa jikoni uliangukia ndani. Mama yake alikuwa uani anaanika maharage. Hiyo ndiyo habari njema aliyopewa kwa simu ya patroni, kwamba mama alikuwa uani.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa Idi. Tuliporudi darasani Madam aliingia akafunga mlango kabla hata ya kusalimia. Mada ya matetemeko tulikuwa hatujaifikia, ila wote tulijua leo ni nini. Akachora Bonde la Ufa na matawi yake mawili: la mashariki linalopita Natron na Manyara, la magharibi linalofuata Ziwa Tanganyika kupanda Kivu hadi Albert. Afrika inapasuka hapo, milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko kucha inavyoota. Bukoba imekaa katikati ya matawi hayo, si juu yake. Ndiyo maana wengi kule walidhani matetemeko makubwa ni habari za watu wengine.

Senene akanyoosha mkono. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na nadhani ndiyo maana iliuma.

"Madam, lile la jua mlijua mpaka dakika. Mpaka la 2034 mnalijua. La kwetu je?"

Nimehudhuria mikutano mingi na waandishi wa habari tangu wakati ule, nimeona wakubwa wakiulizwa maswali magumu na kuyazungusha. Madam hakuzungusha. Alikaa juu ya meza akasema, hakuna aliyejua, na hakuna duniani anayeweza kujua siku wala saa. Mwezi uko wazi, tunauona, hakuna kinachoushika njiani, hesabu yake ni safi. Tetemeko la Kagera lilianzia kama kilomita 40 chini ya miguu ya watu. Shimo refu kuliko yote ambalo binadamu amechimba kwenda chini, lile la Kola huko Urusi, lina kilomita 12 na kidogo. Miamba huko ndani imebanana, inasukumwa miaka na miaka, inakatalia kwa msuguano, halafu siku moja inateleza. Ipi itateleza, lini, na itaishia kuwa ndogo au kubwa, hatuna jicho la kuona. Tunachojua ni maeneo yenye hatari, na kwamba likishatokea kubwa, madogo yatafuata. Rukwa mwaka 1910 ilipigwa na tetemeko la zaidi ya 7, na lenyewe halikuaga.

"Ila," akasema, "ardhi haikumuua mtu Bukoba. Kuta ndizo zimeua." Akatumia dakika zote zilizobaki kueleza lenta: mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta zote nne ziungane, zitikisike kama sanduku moja badala ya kila ukuta kuanguka kivyake. Haikuwa kwenye mtaala. Senene aliinamia daftari, akaandika kila neno.

Swali lile limenifuata. Tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na robo usiku hivi, nikiwa mwanafunzi wa uandishi Dar es Salaam, chumba nilichopanga Sinza kiliyumba. Tetemeko la ukubwa wa 6 hivi, chini ya bahari, kusini-mashariki mwa jiji. Mtaa mzima ulikuwa nje, wengine na taulo. Mama mwenye nyumba akanigeukia: "Wewe si mwandishi? Kingine saa ngapi?" Nikamweleza kwamba hakuna anayejua. Akaniangalia kama mtu anayeficha. Dakika ishirini baadaye simu yake ikaita kwa ujumbe wa WhatsApp: wataalamu wamethibitisha, kingine kikubwa ni saa saba usiku, sambaza kwa uwapendao. Akalala kibarazani na wajukuu zake. Mimi na elimu yangu tukaingia ndani, na nakiri nililala na viatu.

Ninachokiona kazini ni kwamba anga limetuzoesha vibaya. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kinapita juu ya Luxor, Misri, na jua litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika sita. Hilo unaweza kuliandika leo bila kuogopa. Basi msomaji anaona sayansi ni sayansi, kama mnajua hili mnajua na lile, na mtu anayempa saa, hata ya uongo, anaaminika kuliko anayesema haijulikani. Sentensi "haijulikani" ni ngumu kuipenyeza gazetini. Mhariri huiona kama kazi haijakamilika.

Senene sasa ni mwalimu wa Jiografia huko huko Kagera. Wiki iliyopita nilimpigia nikitaka anikumbushe rangi ya mwanga wa siku ile ya Rujewa. Hakukumbuka. Anachokumbuka ni saa. Akasema mada ya matetemeko yeye huanza kwa kuwatoa wanafunzi nje, wazunguke jengo la darasa lao, waoneshe lenta iko wapi na nyufa ziko wapi, ndipo warudi kwenye ramani. Nikamuuliza, wakikuuliza kingine lini, unawajibuje?

"Huwa nafunga mlango kwanza," akasema. Halafu kengele ikagonga akakata simu.