Askari Aliyeachwa

Mwaka jana, wiki tatu kabla ya shauri letu la shamba kusikilizwa, mwanangu aliniletea karatasi ya mchezo wa sataranji ulioandikwa hatua kwa hatua, tuupange pamoja ubaoni. Ulichezwa Paris mwaka 1858. Paul Morphy, kijana Mmarekani, alicheza peke yake dhidi ya waungwana wawili waliokuwa wakishauriana, huku opera ikiendelea jukwaani.

Waungwana wale walifungua kwa ulinzi uitwao Philidor. Hatua ya tatu walimtoa askofu mapema mno. Hatua ya nne wakalazimika kumbadilisha kwa farasi. Baada ya hatua ya saba, malkia wa Morphy aliweza kumla askari mmoja bure. Nikasema, "Mle!" Mwanangu akatazama karatasi. "Hakumla, baba. Alimtoa farasi aliyebaki nyumbani."

Tulirudia hapo mara tatu. Morphy aliacha faida ndogo ili kila kete yake ipate kazi. Alishinda hatua ya 17, baada ya kumtoa hata malkia wake. Wapinzani walikuwa na askofu na ngome ambao hawajasogea hata mraba mmoja.

Usiku ule sikulala. Shauri letu lilihusu mistari minne ya migomba kati yangu na mdogo wangu. Nilikuwa na hati na mashahidi. Lakini tangu tumzike baba sikuwa nimemwombea ndugu yangu, wala kumkaribisha mezani, wala kumwendea mzee wa kanisa atusuluhishe. Hasira peke yake ndiyo niliyoituma mbele. Mengine yote niliyofundishwa tangu kipaimara yalikuwa bado yamekaa nyumbani.

Sisemi sataranji ni Injili. Morphy alimwacha askari ili ashinde. Abrahamu alimwachia Lutu achague nchi kwanza, ili pasiwe na ugomvi kati ya ndugu. Na mdogo wangu hakuwa mpinzani wangu ubaoni.

Kulipokucha nilimpigia simu. "Mdogo wangu, migomba ile ni yako." Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kaka, unaumwa?"

Shauri tulilifuta. Hatujarudi kuwa kama zamani, lakini Krismasi alikuja na mkungu wa ndizi begani. Mke wangu akaumenya, tukala sote. Namshukuru Mungu kwa mkungu ule.