Elfu Moja Ya Nini? Namba Bila Kipimo Ni Hatari

Wadau wa anime mpo? Leo nina stori yenu, ila na watu wa baharini sogeeni, maana inawahusu zaidi.

Wengi mmeiona Spirited Away, ile muvi ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2001 iliyobeba Oscar. Yule binti anaitwa Chihiro. Kwa Kijapani jina lake lina herufi mbili tu. Ya kwanza ni elfu moja. Ya pili ni hiro, kipimo cha zamani ambacho wavuvi wa Japani wanapimia kamba na kina cha maji. Yaani binti anaitwa Hiro Elfu Moja! Halafu yule bibi mchawi anampora jina, anamwachia herufi ya kwanza peke yake. Elfu moja. Ya nini sasa? Haijulikani, na binti mwenyewe anaanza kujisahau.

Hiro ni nini? Nyoosha mikono yote miwili kama unataka kumkumbatia mtu. Kutoka ncha ya vidole vya kushoto mpaka vya kulia, hiyo ndiyo hiro. Mabaharia wa Kiingereza wana fathom, futi 6, na neno lenyewe limetokana na mikono iliyonyooshwa vilevile. Na sisi je? Muulize mzee yeyote wa pwani atakwambia: pima. Watu wa bahari tatu tofauti, kipimo ni mwili uleule.

Kwa hiyo kubadilisha ni rahisi, si ndiyo? Subiri kwanza.

Mjomba wangu ni mvuvi kule Pangani. Mwaka jana alinunua kile kifaa cha kusoma kina cha maji, mtumba wa Japani. Fundi aliyemfungia, jina nalihifadhi, akamhakikishia: "Hizi ni mita, mzee." Usiku mmoja kioo kikaonyesha 20. Mjomba akashusha nanga kwa kamba yake ya mita 25, akijua itagusa chini na kubaki. Haikugusa kitu. Nanga inaning'inia majini, mkondo unaisukuma mashua taratibu kuelekea mwambani, na ndani wamo vijana wanne, mmoja ni binamu yangu.

Waliwahi kuwasha mashine wakatoka. Walipofika pa salama, kioo kikasoma tena 20. Mjomba akatupa mshipi wenye chubwi mpaka chini, akauvuta huku akihesabu kwa mikono. Pima kumi na sita na nusu.

Asubuhi akanipigia. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, hebu niangalizie hii picha." Pembeni ya ile 20 kulikuwa na herufi moja ndogo ya Kijapani. Nikaitambua palepale: ni ile herufi ya pili ya jina la Chihiro, ile aliyoporwa!

Sasa twende kwenye hesabu, msikimbie. Kuna hiro mbili. Ya kwanza ni shaku 6, na shaku moja kwa sheria ya Japani ya 1891 ni mita 10 gawanya kwa 33. Hapo hiro ni mita 1.818. Fathom ni mita 1.829. Tofauti ni sentimita moja tu! Hiro 100 ni fathom 99 na nusu hivi, unaweza kusema ni ndugu mapacha.

Ya pili ni shaku 5, kama mita 1.5, na wavuvi wengi wa Japani wanaitumia hiyo. Hapo hiro 100 ni fathom 83 tu. Mkichanganya hizo mbili, mmepotea kwa mita 30.

Kifaa cha mjomba kilikuwa cha ipi? Mikono yake ilishajibu. Kingekuwa cha mita, angehesabu pima 11. Kingekuwa cha hiro ndefu, pima 20. Alipata 16 na nusu, kwa hiyo ni hiro fupi: 20 mara 1.515 ni mita 30. Kamba ya mita 25 ingefikaje?

Kinachoniuma ni kwamba vijana wa mashua walikuwa wakimcheka akipima kwa mikono, eti mambo ya kizamani. Kumbe ile mashine ya kisasa ilikuwa inaongea lugha ya mikono pia, ila mikono ya watu wengine, na kwenye mashua nzima mwenye kuweza kuihakiki alikuwa mzee mmoja tu. Siku hizi hawacheki. Wanahesabu naye.

Mtu akikutajia namba, iwe kina, mshahara au kiwanja, muulize mawili: ya nini, na kwa kipimo cha nani?

Haya, kwenu wazee walipima kwa nini? Pima, shubiri, dhiraa? Dondosheni hapo chini.