Chuma, Raba na Mkono wa Mdogo Wangu

Traki ya kwanza niliyoitengeneza ilimvunja mdogo wangu mkono. Naanza hapo kwa sababu nikianzia kwingine nitajipamba.

Ukisema traki Garissa, mtu anageuka kutafuta lori la mifugo. Mimi naongelea kile chuma kilicho chini ya skeiti, kinachoshika magurudumu. Skeiti moja ina traki mbili. Kila moja ina bamba linalofungwa kwenye ubao, ekseli, boliti nene ya katikati na raba mbili za duara, yaani bushi. Ukiegemea kushoto, raba inabonyea, ekseli inajigeuza kidogo, na wewe unaenda kushoto. Hakuna usukani. Wazo lenyewe ni la kitambo: mwaka 1863 Mmarekani James Plimpton alipata hataza ya viatu vya magurudumu vilivyogeuka mtu akiegemea upande.

Skeiti yetu ilitoka kwa mitumba ya Gikomba. Ubao mzima, magurudumu mazima, traki moja imekatika. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeangalia video za Kitintale, kule Kampala, ambako Jackson Mubiru na wenzake walijijengea uwanja wa skeiti mtaani kwao. Tukasema, kama wao walijenga uwanja mzima, sisi tutashindwa na kipande cha chuma?

Mahali pa kufanyia kazi palikuwepo. Nyuma ya nyumba yetu Bulla Iftin, chini ya mabati, ndipo abti hutengeneza mikokoteni ya punda, ile inayobeba maji mtaani. Abti ni kaka ya hooyo, na ndiye aliyetulea baada ya aabo kufariki. Kwa miaka miwili alikuwa akiniambia nikae karibu naye nijifunze kazi. Mimi nilikuwa nakwepa. Nilikuwa na miaka 19 na sikujiona nikizeeka na mikokoteni ya punda.

Kwa hiyo sikumwuliza kitu. Nilingoja aende msikitini adhuhuri, nikawasha grinda. Nikakata kipande cha bomba. Beringi za skeiti, zile za namba 608, zina tundu la milimita 8, basi nikatafuta boliti mbili za milimita 8 na kuzichomelea, moja kila upande wa bomba. Bushi nikazikata kwenye soli ya akala. Nikapaka rangi nyeusi. Kwa macho ilikuwa safi kabisa.

Ilidumu siku tatu. Siku ya nne, asubuhi kabla jua halijakuwa kali, mdogo wangu alikuwa ameshika kasi kwenye lami boliti moja ikang'oka palepale nilipochomelea. Nilisikia chuma kikikwaruza, kisha nikamsikia yeye.

Hospitalini walituambia mfupa umevunjika mahali pawili. Hooyo hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Ulimwuliza abti yako?"

Jioni abti alikichukua kile kipande akakipapasa kwa kidole gumba, muda mrefu.

"Umechoma juu juu, abti," akasema. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, kila mmoja ni abti wa mwenzake. "Halafu ukaiambia weldingi ibebe mtu. Weldingi kazi yake kushikilia. Anayebeba ni chuma."

Akanivuta hadi kwenye mkokoteni uliokuwa haujakamilika. Ekseli yake ilikuwa chuma kimoja, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Nimeuona maisha yangu yote na sikuwahi kuuangalia.

Tukaanza upya. Safari hii fimbo moja ya chuma kigumu ilipita ndani ya bomba lote, tukachonga nyuzi za nati kwenye ncha zake mbili. Akala akaitupa: ngumu mno, ikibonyea hairudi haraka. Akaleta raba za shokabsoba ya Land Cruiser, akasema nizichonge. Alipokanyaga bamba na kuona ekseli inajigeuza, alicheka. "Mkokoteni haujui kugeuka. Ni punda anayeugeuza. Hii inageuka yenyewe."

Ilipofika kuchomelea, alinipa mimi koleo la umeme.

"Choma wewe."

"Si wewe ndiye fundi?"

Akanyamaza. Kisha akaniambia kwamba jicho la kulia halimwonyeshi mstari tena, na la kushoto linafuata. Miaka yote ile alichomelea kwa miwani ya jua tu, ile ya kununua barabarani. Mwaka mzima amekuwa akichoma kwa kukisia, akikagua kwa kidole. Ndiyo sababu alitaka nikae karibu. Mimi nilidhani ananifungia maisha, kumbe alikuwa akiomba macho.

Nikachoma. Mkono ulitetemeka, akanishika kiwiko. Polepole, akasema, ngoja chuma kiyeyuke, usikimbie. Tulipomaliza tulifunga traki kwenye ubao, tukaweka juu yake mifuko miwili ya saruji, kilo 100, ikalala hivyo usiku kucha.

Siku hizi mikokoteni naichomelea mimi, na nina kinyago halisi cha kuchomelea. Abti hukaa kwenye kiti cha plastiki akisikiliza. Anasema weldingi mbaya ina sauti yake. Mkono wa mdogo wangu umepona, ila haunyooki wote.

Bado anapanda ile skeiti. Lakini kila mara kabla ya kupanda huigeuza juu chini, akapitisha kidole gumba kwenye chuma, mstari mzima. Hafichi, ananifanyia mbele yangu. Nami nasimama, nangoja amalize.