Homa Ina Majina Mengi

Hapa Mulungwishi homa yoyote huitwa malaria. Mwanangu alipougua, nilimtajia daktari malaria kabla hajamgusa mtoto. Akaniuliza kwa upole: “Mwalimu, na kama siyo, yaweza kuwa nini?” Akapima damu: malaria haikuonekana. Akachungulia masikio: moja lilijaa usaha.

Nikakumbuka Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, mwaka 1976. Mwalimu wa misheni alishikwa na homa, ikadhaniwa malaria, akachomwa sindano ya klorokini. Kumbe ulikuwa Ebola, ugonjwa usiojulikana bado. Kati ya wagonjwa 318, walikufa 280.

Daktari mwenye busara hulihoji wazo lake la kwanza. Nasi tumweleze dalili, tusimtajie ugonjwa.